Nakiri Waya, Sikiri Mawese

Mashua ya moto niliyoihudumia ilikuwa kuukuu hata kabla haijafika kwetu. Ilitoka pwani vipande vipande juu ya vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa Ujiji, na mwenyewe wa kwanza alipochoka nayo akamwachia Mdachi mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akinunua mawese Rumonge na kuyapeleka Usumbura. Mashine yake ilikuwa na silinda mbili. Mimi ndiye niliyeiwasha, niliyeipaka mafuta, niliyeifungua na kuifunga. Hakuna aliyenifundisha. Kazi yangu ya asili ni kufua chuma na kutengeneza kufuli. Herufi za Kizungu nilizijua kwa kulinganisha maandishi ya makopo na yale ya bamba la mashine. Mashine yenyewe niliijua kwa kuirudia.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Usumbura kuja Rumonge kupakia. Tulipoipita Magara mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, na mashine ikaanza kukohoa. Ilikuwa inapiga, inaruka, inapiga, inaruka, kama mtu anayepanda mlima kwa mguu mmoja. Tulifika Rumonge tukijikokota, na soko la ufukweni lilikuwa limejaa.

Mdachi hakungoja kamba ifungwe. Alifungua mwenyewe kile kitu ambacho Wadachi hukiita mshumaa, nasi tukakiita hivyo hivyo: kipande cha chuma na kauri kinachotoa cheche ndani ya silinda. Ule wa silinda ya pili ulitoka mweusi, umelowa mafuta. Akaugeuza, akatazama mapipa ya mawese yaliyopangwa mchangani, akanitazama mimi.

"Mawese," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Umeuza mafuta ya mashine, umetia mawese. Wewe mwizi."

Akatuma mtu amwite askari, aliyekuwa amepanda milimani Bugarama kwa mambo ya kodi. Angerudi alasiri. Akirudi, ningepata hamsa-ishirini. Ukanda wote wa ziwa ulilijua neno hilo: viboko ishirini na vitano, mtu amelazwa kifudifudi.

Viboko niliviogopa, nisiseme uongo. Lakini nililiogopa zaidi lile neno lingine. Watu wa Rumonge huniachia kufuli za nyumba zao pamoja na funguo zake. Nani atamwachia mwizi ufunguo?

Mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa amekalia pipa lake, akaita, "Fundi! Kama ni mawese yetu, mbona mashua haikunukia maharage?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Maharage yetu hupikwa kwa mawese, na mawese yakiungua, mtaa mzima hujua nani anapika. Moshi wetu tangu Magara haukuwa na harufu hiyo.

"Bwana," nikamwambia Mdachi, "mpaka askari afike, niache nitafute ugonjwa."

"Tafuta," akasema, akakaa juu ya sanduku, saa mkononi. "Utapata mawese."

Niliifunga mashua kwenye nguzo, nikawasha. Kila silinda hutoa moshi wake kwa shingo yake ya bomba. Nikalowesha kidole, nikagusa shingo ya kwanza: maji yakalia chwii. Nikagusa ya pili, na kidole kikakaa pale bila kuungua. Basi iliyokufa ni moja tu.

"Bwana, zote mbili hupata mafuta yao kutoka kopo moja," nikasema. "Wanywaji wawili, chungu kimoja. Kama chungu kina sumu, kwa nini afe mmoja?"

Nikabadilisha mishumaa: ule mweusi nikautia silinda ya kwanza, na ule safi silinda ya pili. Nikawasha, nikangoja, nikafungua tena. Mweusi ulikuwa umejisafisha kwa moto, na safi ulikuwa umelowa na kuanza kuwa mweusi. Silinda isiyowaka huulowesha mshumaa wowote. Weusi aliouona Mdachi ulikuwa matokeo, na yeye aliufanya chanzo.

Nahodha wetu, Mmanyema wa ng'ambo ya ziwa, alichungulia begani kwangu. "Mushumaa iko muzuri," akasema. "Ni nyumba ndiyo haina moto."

Moto huo hutoka kwenye sumaku inayozungushwa na mashine, nao hufika kwenye mshumaa kwa waya uliovikwa mpira. Waya wa silinda ya pili ni mrefu, unapita ubavuni mwa mashine, upande ule ule uliopigwa na mawimbi. Nikachovya vidole ziwani, nikaunyunyizia. Mashine ikakohoa vibaya zaidi. Nikaomba gunia, nikajifunika kichwa pamoja na ubavu wa mashine ili nipate giza mchana ule. Gunia lilikuwa la ndagala, dagaa wa ziwa letu, pumzi ikanibana. Nilipozoea giza nikaiona: cheche ya buluu, nyembamba kama ulimi wa mjusi, inatoka kwenye waya na kuingia katika chuma cha mashine. Ilikuwa inapita kwenye fundo langu.

Naeleza fundo hilo. Kamba za katani zilizoushika waya zilikuwa zinaoza kwa mafuta. Mwezi uliotangulia nilizikata, nikaufunga waya kwenye chuma kwa uzi wa shaba, ule ule ambao wanawake wa milimani huuzungusha miguuni kuwa bangili. Kwetu uzi huo hutengeneza kila kitu: mpini wa kisu, kibuyu kilichopasuka, shina la kiko. Nilizungusha mara saba, nikakaza, nikasugua mpaka ukang'aa. Nilijivunia kazi ile. Nilisahau kwamba kwa cheche shaba ni njia. Mpira wa zamani ulikuwa umepasuka chini ya mkazo wangu, na maji yalipoingia, cheche ikachagua njia fupi.

Nilitoa kichwa nikamnong'oneza nahodha.

"Kata, tupa mu ziwa," akasema. "Sema mashine imepona yenyewe. Nani atajua?"

"Mdachi atasema niliogopa, nikatoa mawese kwa siri. Nitabaki mwizi."

"Na ukisema ni weye, utapigwa."

"Nitapigwa kwa nililofanya."

"Fundi, kichwa yako iko ya chuma."

Sikukata. Nikamwita Mdachi aje aingie chini ya gunia. Alisita kwa ajili ya harufu, kisha akaingia, tukawa vichwa viwili katika giza moja. Niliisikia pumzi yake ikisimama alipoiona cheche.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

Akatoka kwa haraka. "Basi kosa ni lako!"

"Waya ni kosa langu," nikasema, na nilihakikisha soko linasikia kama lilivyosikia mwanzo. "Nakiri waya. Sikiri mawese."

Nikaikata shaba. Nikauvika waya ukanda wa mpira, nikaufunga kwa katani iliyopakwa nta, na kati yake na chuma nikatia kipande cha mti mkavu. Nikawasha. Nikanyunyiza maji, na haikukohoa. Nikagusa shingo mbili za bomba, zote zikalia chwii. Kisha nikaizima, nikachomoa mkono wa kuwashia, kile chuma cha kuizungushia mashine, na kuushika.

"Pakia, twende," akasema Mdachi.

"Bado, bwana. Uliniita mwizi hapa. Sema hapa kwamba si mwizi."

Askari alikuwa amefika, vumbi la Bugarama miguuni, kiboko kwapani. Mdachi akamwonyesha kwa kidole. "Huyu atakupiga mpaka uwashe."

"Anipige. Mashine haitasikia."

Mdachi alitazama jua, akatazama mapipa. Siku za nyuma alijaribu kuiwasha mwenyewe, chuma kile kikarudi nyuma na kumtegua kifundo cha mkono. Akasema, akitazama maji, "Huyu si mwizi."

"Hatukusikia, bwana!" akapaza sauti yule mama wa mawese. "Huku kwetu upepo mwingi!"

Akasema tena, kwa sauti kubwa. Kisha akamwambia askari, "Kumi. Kwa waya."

Nililala. Sisemi kumi zile zilikuwa haki. Mdachi mwenyewe aliwahi kuipandisha mashua juu ya mwamba, na hakuna aliyemlaza. Lakini kosa langu liliitwa kwa jina lake sahihi, waya, si wizi, na nilipoinuka, mapipa yalipokwisha kupakiwa, niliwasha mashine mara moja tu. Ilikwenda mpaka Usumbura bila kuruka pigo hata moja. Pale gatini niliuweka mkono wa kuwashia juu ya kiti cha Mdachi, nikamwambia atafute mwingine, nikarudi kwetu kwa miguu.

Nilipofika sokoni, mama yule alikuwa juu ya pipa lake. "Amahoro, bwana si-mwizi," akanisalimia, na soko zima likadakia. Wadachi wangali wanatawala ninapoandika haya, na bado naitwa hivyo. Kejeli imo, naisikia. Lakini aliponiita asubuhi ile alikuwa ananyoosha mkono, na ndani yake mlikuwa na kufuli ya nyumba yake, na ufunguo wake.