Pale Mlimani, Bado Yanasikika?

Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayokutoa machozi kabla hujaifungua vizuri, ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Keza haraka kuliko picha yoyote. Likizo ile ya Desemba nyumba yetu nzima ilinuka dawa hiyo, kuanzia sebuleni mpaka kwenye mablanketi, ikichanganyika na moshi wa jikoni na udongo uliolowa mvua. Baba alikuwa amelazwa kwenye kitanda tulichokihamishia sebuleni, mguu wa kulia umefungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe ya hospitali, na Mama alikuwa akimchua kiuno asubuhi na jioni. Pikipiki ilikuwa imeteleza kwenye tope la mteremko wa kwetu na kumwangukia. Baba hakujua kulala mchana. Alilala kwa hasira, uso kaelekeza mlangoni, akimhesabia makosa kila aliyepita njiani.

Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, na pale Keza hakuna aliyeiona kuwa kazi. Majirani walimtania kwamba Gervas anakula kwa mdomo, wenzake wanakula kwa jembe. Aliitwa na Mama Koku, mwanamke wa Kihaya mwenye nyumba ya wageni pale Ngara mjini, kila walipofika watu waliotaka kuona nchi. Aliwapeleka Rusumo kutazama Mto Kagera ukiporomoka na Rwanda ikiwa ng'ambo, au aliwapeleka Biharamulo kuona boma la zamani la Wajerumani. Kufika huko si kazi, dereva yeyote anafika. Kazi ni maswali ya njiani. Mgeni ataka kujua kwa nini Mhangaza, mtu wa kwetu Ngara, na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, mto huu unatoka wapi na unakwenda wapi, mti ule unaitwaje, wakimbizi walikaa uwanda gani, na je, magari bado yanasindikizwa na polisi kwenye pori la kwenda Biharamulo. Baba alikuwa na jibu la kila swali, na kama hana alisema hana, jioni akaenda kuuliza.

Lakini fahari yake ilikuwa kwenye mlima wa mwisho kabla ya kushuka Rusumo. Hapo alimwambia dereva azime gari, watu wote washuke. "Sasa nyamazeni kidogo," alisema, "mtayasikia maporomoko kabla hamjayaona." Watu wakanyamaza, hata wale wasemaji wa kupindukia, na kweli, upepo ulileta mngurumo kutoka chini, mzito, wa mbali, usiokatika. Nilikwenda naye mara moja nikiwa bado mdogo, akanibeba mabegani ili nisikie vizuri, na nakumbuka mngurumo ule ulivyonitia woga na jinsi nilivyoshika masikio yake kwa mikono yote miwili. Wageni wakishangaa, yeye alisimama pembeni, mikono nyuma, kana kwamba mto ule kauchimba baba yake. Nilimpenda sana akiwa vile.

Sasa alikuwa kitandani, na habari ikaja kwamba Mama Koku amechukua kijana anaitwa Deo, mtoto wa Biharamulo, Msubi kwa kabila, aliyesomea utalii chuoni. Mama Koku mwenyewe alikuja kumjulia hali, kaleta sukari na mkungu wa ndizi, akakaa vizuri, akaongea vizuri, na wakati wa kuaga akasema, "Pona kwanza, baba Evodia. Ukipona tutaona." Alipotoka tu Mama alitupa kanga begani na kufoka kwamba "tutaona" si neno la kumwambia mgonjwa. Usiku ule nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba mguu utapona, hilo halimsumbui, ila njia haimsubiri mtu. Atakapoinuka atakuwa anajua nchi ya zamani. Shamba letu lilikuwa dogo, la mgongoni mwa kilima, na hata mimi na utoto wangu nilielewa kwamba Baba asiporudi kwenye ile kazi, nyumba yetu itakuwa nyumba nyingine.

Ndipo akanituma mimi. Mjomba Bukuru, kaka yake Mama, alikuwa na pikipiki na alikwenda Rusumo karibu kila siku kupeleka ndizi na maharage. Mjomba huyu mpaka leo r na l kwake ni mapacha, na aliponipakia aliniambia, "Shika vizuri mpwa wangu, balabala mbaya leo," nikacheka nusura nidondoke. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Kwetu mtu akitoka safari anapewa maji, anakaa, halafu anaulizwa njia inasemaje, na haruhusiwi kujibu "salama" akanyamaza, lazima aeleze. Lakini Baba aliligeuza jambo hilo kuwa mahakama. Nikimwambia kivuko cha bondeni kimebebwa na maji, anauliza, "Umeona au umesikia?" Nikisema watu wanasema pale Benaco pamefunguliwa soko jipya, anafumba macho. "Watu gani? Umeliona?" Sijaliona. "Basi hilo liweke pembeni, kesho kalione." Jamani, baba yule! Nilikuwa narudi nimelowa, mgongo unauma kwa mashimo, nataka uji wangu, na yeye ananihoji rangi ya bati la jengo la forodha.

Nikaanza kuona, kwa kulazimishwa. Nilijifunza kwamba miti ya mikaratusi iliyokuwa alama yake ya kona ya tatu imekatwa yote, kwamba shule aliyozoea kuionyesha imepata jina jipya, kwamba mama aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma pale juu amefariki na sasa anauza binti yake. Siku moja Rusumo nikamkuta huyo Deo, yuko na wageni, kavaa kofia. Nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia. Nikajisogeza karibu kumsikiliza, nikitamani akosee. Hakukosea. Alieleza jinsi wazungu walivyochora mpaka juu ya mto bila kuwauliza waliokuwa wakivuka kwenda kuoa ng'ambo, na jinsi maji yale yanavyozunguka mpaka Ziwa Viktoria, yakaunga safari ya Uganda, Sudani, mpaka Misri. Misri ya kwenye Biblia! Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza Baba kila neno nikitegemea atalidharau. Akasema, "Rudia hapo kwenye mpaka." Nikarudia. Akanirudisha tena, taratibu, midomo yake ikifuata maneno. "Huyo kijana anasoma," alisema mwishowe, na haikuwa kwa wivu.

Jambo moja tu alilikataa. Nilipanda mlima ule wa mwisho, nikamwomba mjomba azime pikipiki, nikasikiliza. Chini kulikuwa kunajengwa daraja jipya, mitambo inakoroma, malori yamepanga foleni mlima mzima yakingoja kuvuka, breki zinapiga kelele. Mngurumo wa maji haukuwepo. Nikamwambia Baba. Akasema sikusikiliza vizuri, upepo ulikuwa umegeuka. Nikaenda tena siku nyingine, asubuhi, nikasikiliza mpaka mjomba akaanza kulalamika kwamba ndizi zinaiva kwenye tenga. Nikarudi na jibu lilelile. "Evodia," aliniambia, na sauti yake ilikuwa kali, "yale maporomoko nimeyasikia mimi kabla hujazaliwa." Nililia. Nilimwambia yeye ndiye aliyesema nieleze nilichokiona na kukisikia, sasa nikieleza anakataa! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akatunyamazisha wote wawili.

Hogo likatolewa, akaanza kutembea na gongo. Mama Koku akatuma ujumbe: kuna wauguzi wastaafu kutoka Mwanza wanataka kwenda Rusumo, aje Baba, aje na Deo, wote kwenye gari moja. Hakusema kwamba ni mtihani, lakini alipanda mwenyewe kiti cha mbele, na huyo hakuwa mtu wa kupoteza mchana wake bure. Mimi nilichukuliwa ili Baba apate bega la kuegemea. Njia nzima alisema vizuri mno. Alisema habari za mikaratusi iliyokatwa, akasema habari za soko jipya, akaeleza mpaka uliochorwa juu ya mto, na Deo, nimpe haki yake, aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimevimba kwa furaha. Kila alilosema nililijua lilikotoka. Halafu tukafika kwenye mlima.

"Dereva, zima gari," Baba alisema. Nilimvuta shati, hakugeuka. Wauguzi wakashuka, wamama watu wazima, wakajipanga ukingoni mwa barabara. "Nyamazeni kidogo. Mtayasikia maporomoko kabla hamjayaona." Wakanyamaza. Tukasikia mitambo. Tukasikia lori likishuka na breki zake, kijana wa lori akimtukana mwenziwe, na mitambo tena. Mama mmoja akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasubiri kwa adabu. Natamani ungemwona Baba. Alikuwa kainamisha kichwa, gongo kalikaza, anasikiliza kuliko wote, na nikaona uso wake unavyobadilika. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akainua kichwa akasema, kwa sauti ile ile ya kazi, "Hayasikiki. Binti yangu huyu aliniambia mara mbili, sikumwamini. Mimi nilitaka yasikike."

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa kiganja sikioni alisema, "Ahsante kwa kutuambia ukweli, mzee," wakarudi garini. Tulipofika chini, wageni walishuka na Deo mpaka karibu na maji. Njia ilikuwa ya mawe na utelezi, na mguu wa Baba haukuiweza. Tulikaa naye garini, mlango wazi, na huko chini maji yalinguruma kama zamani, makubwa, yakirusha ukungu. Mama Koku naye alibaki, amesimama nje. Wakaongea kidogo, Mama Koku akamshika bega. Kazi alimwachia Deo. Sikuelewa kwa nini Baba alimshukuru, nikamkasirikia na yeye pia.

Nilidhani Deo hatutamwona tena. Alikuja Keza wiki iliyofuata, akapiga hodi, akampa Baba shikamoo, akasema ana wageni wa kwenda Biharamulo wanaotaka kujua Wahangaza na Wasubi walivyooleana, na chuoni hawakumfundisha hilo. Baba alimtazama. "Kaa," akasema. Tangu hapo alikuwa akija kila mara, kabla ya safari kuuliza na baada ya safari kueleza, na niliona raha isiyo na kifani siku ya kwanza Baba alipomkatiza katikati ya maneno na kumuuliza, "Hilo umeona au umesikia?" Deo akashikwa na kigugumizi. Nikajua sasa naye amepata mwalimu wangu. Baba alilima kidogo, Mama alilima sana, na maisha yalibana. Sitasema hayakubana.

Leo kazi hii naifanya mimi. Natembeza wageni Rusumo, Biharamulo, mpaka kwenye hifadhi ya Burigi, na mgeni wa siku hizi anakuja na simu inayojua kila kitu. Ananisomea urefu wa mto kabla sijafungua mdomo. Sina ugomvi na simu, nami ninayo, na sisi waongozaji tuna kundi letu la kupashana habari za njia. Ila simu hiyohiyo bado inaonyesha duka lililobomolewa zamani, na kwenye kundi letu mtu akiandika kwamba barabara fulani imekatika, mimi ndiye yule anayeuliza kama ameiona. Wenzangu wananiita hakimu. Waniite tu.

Daraja jipya lilikwisha zamani, mitambo ile ikaondoka, likaja jengo kubwa la forodha na kituo cha kuzalisha umeme. Baba amezeeka, haendi popote, anakaa barazani na blanketi magotini, na nyumba bado inanuka dawa ya kuchua. Nikirudi safari napewa maji, nakaa, naulizwa njia inasemaje. Namweleza yote. Mwishoni, kila mara, anageuza uso pembeni kama vile anauliza jambo dogo tu: "Na pale mlimani, bado yanasikika?" Wiki iliyopita aliuliza hivyohivyo. Nilikuwa nimepita siku hiyo, nimezima gari, nimesikiliza mpaka wageni wakanitazama vibaya. Malori siku hizi ni mengi kuliko zamani. Na nawaambia ukweli, nilitamani sana kumdanganya. Angenisadiki, hilo ndilo lililoniuma.

"Hayasikiki, Baba."

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

Akatikisa kichwa taratibu, akalivuta blanketi. "Basi usiwaambie yanasikika, mama," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini ukipita tena, usikilize."