Mjukuu alinunua Subaru safi Embu, fundi akataka kuikata springi

Wakuu, nawasalimu nyote. Ni nyanya wa hapa Nkubu anaandika, na hakuna kitu nitasema sikuona na macho yangu.

Ilikuwa ule mwaka maharagwe ilikataa. Githeri ilikuwa mahindi tupu, na zile ndizi tulikuwa tunapatia ng'ombe tukachemsha wenyewe, tukaweka chumvi, tukashukuru Mungu.

Huo mwaka ndio Kendi alinunua gari.

Kendi ni mtoto wa kwanza wa kijana wangu, ana jina langu. Anafundisha chuo huko Nchiru. Amesoma mpaka vitabu zikamwogopa. Najivunia, sifichi.

Gari ni Subaru ya turbo, manual. Tuliichukua Embu kwa mwalimu mstaafu. Chini ya viti hakuna hata ganda la njugu. Kila oil aliyobadilisha ameandika kwa exercise book, na hakuna kitu ya kiwanda imeguswa. Kutupatia funguo, mkono wake ulikataa kufunguka.

Kurudi, kwa ule mteremko wa Nithi unaomaliza watu, Kendi alikanyaga mafuta. Nikashika mlango na mikono mbili. Nikaomba kwa Kimeru, Kiswahili ilikuwa imeniisha.

Kona ikafika, akashika brake, gari ikamtii. Sema asante kwa mwalimu aliyeitunza.

Wiki iliyofuata akasema anaipeleka kwa fundi Meru town. Akate springi ikae chini, abadilishe exhaust ipige kelele, aongeze boost, turbo isukume zaidi.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema twende wote.

Fundi akafungua boneti, akatabasamu. "Shosho, hii tukiifanyia kazi itapaa."

"Itapaa iende wapi?"

Akaleta jeki. Mimi nikarudi kiti cha mbele, nikafunga mlango, nikaweka handbag kwa magoti. Huku kwetu mama wa umri wangu akikaa akinyamaza hivyo, hakuna mtu anamgusa. Fundi aliweka jeki chini polepole, kama amekuta nyoka.

"Kwani gari ni yako, shosho?"

"Gari ni yake. Yeye ni wangu."

Jua ikapanda, mimi niko tu hapo. Kendi akakuja dirishani. "Shosho, unaniaibisha."

Nikamwambia, yule ng'ombe wetu anajaza ndoo asubuhi, utamkata kwato ndio akimbie? Gari haina shida. Ni mguu wako nauogopa. Tangu Nithi, simu ikilia moyo unaanguka.

Akainama dirishani. "Hata exhaust peke yake?"

"Haikatwi, haiguswi, mimi nikiwa hai."

Tukaenda nyumbani.

Nilichojifunza ni hiki: ukipata gari imetunzwa, iendeshe mwaka mzima kwanza, ujue nguvu yake kabla utafute ingine. Nyinyi mnaojua magari, niambieni kama nilikosea. Mnitukane pole pole, pressure iko juu.

Lakini jana Kendi amenipigia simu, sauti tamu kama asali. Ati fundi amempatia bei nzuri, ni springi tu, nusu inchi.

"Haikatwi, haiguswi, mimi nikiwa hai."