Kapita Mwenye Kadi Nyekundu

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilimwonea wivu, na siyo wivu mdogo. Wivu wa kuamka nao, wa kupiga nao mswaki. Nilikuwa nikimwona anashuka kwenye pikipiki mbele ya parokia, hajasema hata jambo, roho imeshachachuka. Na nyuma ya pikipiki hiyo, kama kwa kunisuta, pameandikwa "Mwenye wivu ajinyonge".

Siye ni watu wanane wa korali moja hapa Bunia. Kila mwaka, mupira wa Ulaya ukianza, tunacheza ligi yetu ya kwenye simu. Unachagua wachezaji wa kweli kumi na mmoja. Wakifanya vizuri uwanjani kwao, weye unavuna pointi. Mmoja wao unamfanya kapita, na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Jumapili, tukimaliza mazoezi ya nyimbo, tunabaki kwenye chumba cha korali kutazama nani ameongoza. Mshindi wa msimu anapewa kiti cha mikono, kimoja tu tulicho nacho, na anakikalia mwaka mzima. Wengine benchi. Soda ikifika, yeye hainuki, analetewa.

Ligi niliianzisha mimi. Baba yangu alikuwa refa, nimekua nikibeba bendera zake; mupira naujua. Misimu tisa, na kiti nilikuwa sijakikalia hata mara moja. Huyo wa kwenye pikipiki, dada mwembamba wa sauti ya kwanza, muuza vitenge sokoni, nilimleta mimi mwenyewe na kumfundisha hata pa kubonyeza. Kuotea hajui ni nini. Anachagua wachezaji kwa sura, kwa namna wanavyosalimia watoto kabla ya mechi. Mwaka wake wa kwanza akachukua kiti. Wa pili, tena. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma, huku moyoni namuomba Mungu ampe mafua, kidogo tu, asije mazoezini.

Na ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa ni mdogo kwangu. Kila akishinda anawaambia watu kwamba ni yaya aliyemfundisha. Afadhali angenitukana.

Msimu uliopita nilimfukuzia hadi siku ya mwisho. Zilibaki mechi za Jumamosi moja, yeye mbele yangu kwa pointi tisa, wengine mbali nyuma yetu. Basi wiki ileile akapata safari: kupeleka vitenge kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ya Nia-Nia, kule ambako simu inakuwa tochi tu. Rezo hakuna kabisa. Kwa safari kama hizo tuna desturi yetu, tunaiita kuchunga. Ukienda pasipo rezo, unamwachia mwenzako neno lako la siri, naye anaichunga timu yako kama mbuzi wa jirani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kula mbuzi wa mwenzake.

Angeweza kumwachia yeyote kati ya wale sita. Akaja nyumbani kwangu, nikiwa nachambua majani ya sombe, akanipa kikaratasi. Kapita nimwache palepale, yule mshambuliaji mrefu anayecheka sana. Beki wake mmoja alikuwa na kadi nyekundu, huyo nimtoe. Nikamwambia sawa. Akanisaidia kuchambua sombe hadi ikaisha, ndipo akaenda.

Siku mbili nilikaa vizuri. Ijumaa nikafungua timu yake, nikaona zile sura alizookota kama mtu anayechagua nyanya, na bado ananipita kwa pointi tisa. Nikakasirika kana kwamba amenichukulia mume. Yule mrefu nikamvua ukapita. Nikampa beki mwenye kadi nyekundu, mtu ambaye hata uwanjani hataingia. Na kwa kuwa kapita akikosekana msaidizi wake anarithi, msaidizi nikamweka mwingine aliyelala kitandani na goti bovu. Kosa moja ni kosa. Mawili, hata refa kipofu anapuliza filimbi.

Jumamosi yule mrefu akafunga mabao mawili. Nikashinda kwa pointi nne.

Jumapili wakanipa kiti. Ni kigumu, sikujua, na mkono wa kushoto una msumari. Mwenzetu wa besi, fundi wa simu, akafungua timu ya dada, maana mechi zikishaanza kila mtu anaona timu ya mwenzake. Akauliza nani aliyechunga. Nikasema mimi. Akauliza, taratibu, imekuwaje kapita awe mwenye kadi na msaidizi awe mgonjwa. Anayekula mbuzi wa mwenzake anatoka kwenye ligi, na kwenye korali yenyewe ataimba kwa uso gani?

Hapo ndipo dada akaingia, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, begi bado mgongoni. Swali alilisikia toka mlangoni. Akaitazama simu ya fundi, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo.

"Ni miye," akasema. "Nilimutumia yaya mesaji toka kule machimbo. Nilimuambia aweke bale babili, sura yabo inanifurahisha."

Watu wakacheka, vile wanavyomcheka siku zote. Lakini kicheko kikaisha mapema. Kila mtu mle chumbani alijua kwa nini tunachunga timu za wanaokwenda kule. Toka kule mesaji haitoki. Walijua, na yeye alijua kwamba wanajua. Fundi akazima simu yake, akaanza kuangalia viatu vyake.

Dada akakaa kwenye benchi, akanipigia makofi. Nikamwonea wivu kuliko siku zote, safari hii kwa ule uongo wake, maana mimi nisingeuweza. Soda zikafika. Yangu aliileta yeye, kwa mikono miwili, akaniambia, "Kunywa, yaya." Hakuna aliyenitoa kwenye kiti, na mimi sikutoka.