Mzee Fintan na Kituo cha Basi cha Bibi

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani hadi macho yanalowa, namwona Mzee Fintan akiingia sebuleni kwetu ughaibuni, North York, anachechemea, kofia mkononi. Goti lake lilianza kuharibika ujanani kwao Ireland, kwenye mchezo wa kupigania kampira kwa fimbo bapa. Yeye aliuita mchezo. Bibi yangu alipoelezwa, aliuita ugomvi. Katika mji wao alikuwa nyota, watoto wakimfuata njiani. Baadaye akaingia jeshini, na huko goti likamalizika.

Siku ya kwanza alipobisha hodi nilikuwa na miaka kumi, niko na Bibi tu. Bibi alitoka Kigoma akiwa hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Mzee alikuwa anagombea udiwani. Kwa udiwani wa huku chama hakiandikwi kwenye karatasi ya kura, lakini kila mtu anajua nani anabebwa na nani. Yeye hakubebwa na mtu. Vyama vilimfuata, akavijibu kwamba amri alizopokea jeshini zinamtosha.

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba wazazi wangu wako kazini na Bibi hatamwelewa. Akamgeukia Bibi.

“Jambo, mama. Uko muzuri?”

Bibi alishika mlango. “Huyu mzungu Kiswahili cha Kongo kakitoa wapi?”

Alikitoa Kongo kwenyewe. Alipelekwa huko na kikosi cha kulinda amani, akapangwa kulinda kambi ya watu waliokimbia vita. Kila asubuhi mama mmoja alikuja getini kumwambia jambo, naye haelewi. Alipopata maneno ya kutosha, yule mama hakuwepo tena. Hakuacha kujifunza.

Kijana aliyefuatana naye kwenye kampeni akamnong'oneza kwamba bibi huyu si raia, hana kura, na milango bado mingi. Mzee akavua viatu, akaketi. Bibi akamweleza habari ya kituo cha basi kilichoondolewa mbele ya jengo letu. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu akienda kliniki kwa miguu, akavunjika mkono.

Wiki ile wagombea walikutanishwa katika ukumbi wa shule, mimi na Bibi tukiwa miongoni mwa wasikilizaji. Zamu yake ilipofika, Mzee Fintan alisimama akasema, “Dakika zangu nampa jirani yangu. Mjukuu wake atatafsiri.” Kisha akaketi.

Mimi, ambaye kila Bibi aliponisemesha Kiswahili nilimjibu Kiingereza, nikasimama kando yake.

“Waambie sitaki huruma,” Bibi akasema. “Nataka kufika kliniki mzima. Na waambie mimi sina kura, lakini ninaokaa nao wanazo.”

Nilitafsiri neno kwa neno. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi mpaka Bibi akajifunika uso kwa kanga.

Mzee alishindwa. Alikuja mwenyewe kutuambia.

“Pole, baba,” Bibi alisema, akamkaribisha mezani. Wakala dagaa, wakizungumzia Kongo na Kigoma kama watu waliotenganishwa na ziwa tu.

Lakini diwani aliyemshinda alikuwepo ukumbini siku ile, na hakuweza kujifanya hakusikia. Kabla ya theluji kuisha, kituo kilirudi. Bibi alipanda basi la kwanza amefunga kitenge juu ya koti zito, Mzee Fintan nyuma yake, na akamwambia dereva kwa Kiswahili kwamba kituo hiki ni chake. Dereva akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa dirishani kifua mbele, nikijiona mtoto wa watu wakubwa.

Kwa miaka mingi niliamini Mzee alinisimamisha pale kwa sababu alihitaji mkalimani. Nilikuwa mtu mzima, naye amekwisha kuzikwa, nilipotambua kwamba siku ile ya kwanza sebuleni alizungumza na Bibi saa nzima bila msaada wangu. Angeweza kutafsiri mwenyewe. Mzungu, askari wa zamani, anaongea Kiswahili jukwaani: ukumbi mzima ungemshangilia, na pengine udiwani angeupata. Badala yake aliketi, akamwacha Bibi aseme, na mimi nisikike.