Nyayo Katika Santuri Mpya

Maharage yakishang'olewa na kuanikwa, ukikaa kimya karibu nayo saa sita mchana utayasikia yakifanya kazi yenyewe. Ganda linakauka, linajikunja, kisha linapasuka: tk. Kimya. Halafu lingine kule pembeni: tk. Hakuna mkono uliogusa. Watu wengi wa huku Kasulu hawausikii tena mlio huo kwa sababu wamezaliwa nao. Mimi nausikia kila msimu, na kila msimu nywele za mikono zinanisimama, kwa sababu niliwahi kuusikia ndani ya santuri mpya, na mtu aliyeketi pembeni yangu aliniambia kwamba ni watu wanatembea.

Mtu huyo alikuwa Mjomba Gwasa, kaka yake mama. Tuliishi naye nyumba moja Kagerankanda, pamoja na bibi aliyewazaa wote wawili. Mjomba alilima kama wengine na alikuwa na mizinga ya nyuki, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu ni kupiga ikembe. Ikembe ni kisanduku cha mbao kinachoenea kwenye viganja viwili, chenye vijiti bapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kila kijiti cha ikembe yake kilivishwa kipete cha waya kilicholegea kidogo, ili kijiti kikipigwa kipete nacho kivume: zzz, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Vijiti vilikuwa vyake. Vipete havikuwa vyake.

Kwao wapigaji, mzee akifariki, kipete kimoja hutolewa kwenye ikembe yake kikavishwa kwenye ya mwanafunzi wake. Mjomba alivijua kwa majina. Hiki ni cha fulani wa Rungwe Mpya, hiki ni cha yule aliyepiga kwenye harusi ya bibi yenu. Kile cha kushoto kabisa kilikuwa cha Mzee Ruhoro aliyemfundisha, mtu kiwete aliyetembelea fimbo. Tukitaka kugusa alitufukuza: "Msinichafulie wenzangu!" Alipenda kusema kwamba ikembe isiyovuma ni mtu aliyekwenda msibani peke yake. Lakini msidhani alikuwa mtu wa hekima saa zote. Alipenda sifa kuliko ugali. Akiona mtu anapita barabarani, hata mwenda kisimani, vidole viliongeza kasi.

Nilikuwa darasa la tatu alipokuja mgeni wa kurekodi nyimbo. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Alimwita kila mtu "ndugu". Alitandaza nyaya zake barazani, akavaa vitu vikubwa masikioni, akaanza kupambana na kelele. Aliomba jogoo afungiwe. Akaomba jirani aache kutwanga. Akaomba sisi watoto tukae mbali, na tulipokaa mbali akaomba tusicheke. Bado akawa anakunja uso.

"Kuna kelele, ndugu Gwasa."

"Kelele ipi tena? Hata mbuzi wamenyamaza."

"Hii ya zzz."

Mjomba alicheka mpaka akaweka ikembe chini. "Hiyo siyo kelele. Hao ni wenzangu."

Mgeni alitabasamu, akaomba radhi, wakarudia. Wakarudia tena. Mwisho akavua vile vitu vya masikioni, akasema taratibu kwamba muziki ni mzuri sana, ila watakaousikiliza kwao watadhani santuri ina kasoro. Hakulazimisha kitu. Alisema tu, kisha tukaenda kula.

Baada ya kula nilitumwa kuni nyuma ya nyumba. Nikamkuta Mjomba amechuchumaa kando ya mzinga mkuukuu, ikembe mapajani, tonge la nta mkononi. Alikuwa anamega nta, anailainisha kwa vidole, anaishindilia chini ya kila kipete. Aliponiona alishtuka.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Wanaumwa baridi," alisema. "Nawavalisha."

Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa huku milimani unakata masikio, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta la shule. Nikaona ni jambo la haki kabisa.

"Usimwambie bibi yako," aliongeza. "Atataka nimvalishe na yeye."

Nilicheka, nikabeba kuni. Sikuwa mtoto wa maneno. Siri kwangu haikuwa mzigo.

Jioni mgeni aliondoka na furaha yake. Bibi, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa ndani muda wote akisikiliza. Mjomba alipoingia alimuuliza, "Gwasa, wenzako leo walikwenda wapi?"

"Walikuwepo, mama. Masikio yako ndiyo yamezeeka."

Bibi akasema, "Haya. Siku mnayoanua matanga yangu, uje nao wote. Usikose hata mmoja."

Mjomba aliitoa nta kwa mwiba, kipete kwa kipete, na ikembe ikarudi kuvuma. Kipete cha Mzee Ruhoro tu hakikurudi. Nta ilikuwa imezama kwenye ufa wa mbao, mwiba haukufika. Waliouliza aliwaambia, "Mzee amechoka, mwacheni apumzike," nao wakacheka.

Bibi alifariki nilipokuwa darasa la tano. Siku ya kuanua matanga ilipokaribia, kifurushi kikaletwa na basi kutoka mjini. Ndani mlikuwa na santuri: sahani nyeusi ya plastiki, pana kama ungo mdogo, inayong'aa na kunuka upya. Juu ya jalada palikuwa na picha ya Mjomba akicheka kwa meno yote. Alizunguka nayo kijijini siku tatu, ameikumbatia kifuani, ingawa hakukuwa na nyumba hata moja yenye mashine ya kuipiga. Tukasikia kwamba Kibondo yuko mwenye duka, Babu Twaha, ambaye marehemu baba yake alihamia huko kutoka pwani na mashine ya santuri.

"Twende, Yunisi," Mjomba aliniambia. "Wewe ulikuwepo siku ile."

Babu Twaha alitukaribisha kwa heshima zote za kwao, akatukalisha kwenye benchi kati ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta, akafunua mashine iliyofunikwa kwa kanga. Aliishika sahani kwa kingo kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Akaifuta, akaizungusha, akateremsha sindano.

Kabla ya wimbo zilitangulia sauti nyingine. Tk. Tk-tk. Kishindo kidogo, kisha mchakacho, kama watu wengi wanakanyaga maganda makavu wakiwa mbali.

Babu Twaha aliinua sindano upesi. "Hapana, hapana. Sahani mpya hailii hivi. Hizi za marehemu baba sawa, zimekwaruzwa na miaka. Mpya!" Aliifuta tena. Akaiosha kwa maji na sabuni ya kipande, akaikausha juani kidogo, akairudisha. Tk. Tk-tk. Wale watu walikuwa palepale.

Kisha wimbo ukaanza, na nilimwona Mjomba akitoka jasho puani.

Vidole vilikuwa vyake, wimbo ulikuwa wake. Lakini ilikuwa ikembe iliyovuliwa nguo. Kila mlio ulidondoka peke yake, safi, ukakatika. Na nyuma yake wale wengine waliendelea kukanyaga. Katikati ya mchakacho mlikuwa na mlio mmoja uliorudi kwa kipimo kilekile kila sahani ilipomaliza mzunguko: tk... tk... tk... Mjomba alianza kuutikisia kichwa. Kisha akaacha.

"Fimbo," alisema.

"Fimbo gani, Mzee?" aliuliza Babu Twaha.

"Ya Mzee Ruhoro. Wametolewa ndani ya wimbo. Wanazunguka nje. Wasikilize."

Babu Twaha alicheka, "Aa, Mzee Gwasa, hilo ni vumbi tu, au kasoro ya kiwandani! Wakiandikiwa watakuletea nyingine iliyo safi." Lakini kicheko chake kilikwisha kabla ya maneno, na nikaona anageuka kuangalia mlango. Wimbo ulikuwa umekwisha. Sindano ilikuwa imefika pale katikati pasipo na kitu, na fimbo iliendelea kutembea peke yake, tk... tk..., bila wimbo, bila kuchoka. Hakuna aliyenyanyua mkono kuisimamisha. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wananunua sukari dirishani.

"Na mama?" Mjomba aliuliza kwa sauti ndogo sana. Hakuwa anatuuliza sisi. "Naye atakuwa humo?"

Tuliiacha santuri dukani. Mjomba hakutaka kuibeba. Kwenye basi nilikaa naye kiti kimoja mpaka Kasulu, na kila gurudumu lilipogonga jiwe alishtuka.

Nyumbani aliitundika ikembe ukutani akasema vidole vinamuuma. Mama alipoisikia habari ya Kibondo aliwaka moto.

"Yule Mzungu kakuibia! Kachukua wenzako, kakuachia vijiti!"

"Labda," alisema Mjomba.

"Siyo labda! Na matanga ya mama je? Alitaka ikembe, alisema mbele yetu sote!"

"Tafuteni kwaya."

"Kwaya! Eka, hapana, Gwasa. Mama akazikwe mara ya pili na spika ya kukodi?"

Majirani walikuja, kila mmoja akamlaumu mgeni, na kila alipolaumiwa mgeni Mjomba alizidi kujikunyata. Usiku hatukumsikia akikoroma. Mchana alikaa upenuni, na maganda ya maharage yalipopasuka uani alikuwa anahesabu kwa midomo. Mimi niliogopa jambo moja: kwamba siku ya bibi itafika, watu watakaa, na mahali pa ikembe patakuwa kimya, na bibi atabaki huko nje akizunguka na mwenye fimbo.

Nilifikiri kwa akili niliyokuwa nayo. Wenzake walikuwa wakiumwa baridi. Hilo alinieleza mwenyewe. Aliwavalisha, wakapona, isipokuwa Mzee Ruhoro, ambaye hakurudi kuvuma tena. Basi Mzee Ruhoro bado ana baridi. Mtu mwenye baridi anatolewa juani.

Siku mbili kabla ya matanga, wote walipokuwa shambani na Mjomba amekwenda kwenye mizinga, nilipanda juu ya kinu, nikaitungua ikembe. Niliilaza juu ya bati tulilokuwa tunaanikia maharage, katikati ya maganda, upande wa kushoto ukielekea jua. Nikachuchumaa kuilinda na kuku. Maganda yalipasuka pande zote. Tk. Tk-tk. Nilitaka kukimbia, lakini nilijiambia wanakuja kumchukua mwenzao, na mtu anayesubiriwa haachwi peke yake. Nikakaa. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika. Baada ya muda mrefu niliona kitu cha njano kinatoka chini ya kile kipete, polepole kama kamasi za mtoto, kikatambaa kwenye bati kikaacha alama. Kilinuka asali.

Nikanyoosha kidole nikagusa kijiti. Zzzzz.

"Nani kakwambia?"

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya masega. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia ile alama ya nta.

"Nani kakwambia, Yunisi?"

"Wewe," nilisema, huku nikilia. "Ulisema wanaumwa baridi. Nimemtoa aote jua."

Aliweka ndoo chini. Alikaa pale pale kwenye vumbi, miguu imenyooka kama mtoto, akaficha uso. Nilidhani anacheka, kwa sababu mabega yalikuwa yanacheza. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kuzunguka ndoo. Kisha akaichukua ikembe, akapuliza vumbi, akapiga kijiti kimoja kimoja kutoka kulia hadi kushoto akitaja majina. Alipofika cha mwisho alisubiri kwanza.

"Mzee," alisema. "Ingia ndani."

Siku ya matanga alipiga tangu asubuhi. Kabla ya kuanza alisimama mbele ya ukoo, yeye mpenda sifa, akasema, "Mgeni hakuniibia. Niliwafungia nje mwenyewe, kwa mikono yangu. Leo wamerudi, na mama awahesabu." Wengi walidhani ni maneno ya msiba tu. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamletea kiti.

Nilikuwa nimeshamaliza shule ya msingi nilipoelewa nilichokiona nyuma ya nyumba. Kilichomtesa Mjomba kwenye basi kilikuwa aibu zaidi ya woga. Mtu wa mbali alisema kitu chake kina kasoro, naye akaharakisha kukisafisha, akawaziba midomo waliomfundisha ili apendwe na watu asiowajua. Sahani ilipokuja na mikwaruzo yake yenyewe, alikuwa mtu pekee aliyejua ni akina nani waliokosekana. Na mimi, shahidi wake mmoja, nilimwokoa bila kujua kwamba namshtaki.

Msimu huu vidole vyake vimevimba, hapigi tena wala hasafiri. Juzi aliniita. "Nenda Kibondo," aliniambia. "Kanisikilizie kama Mzee bado anatembea."

Babu Twaha amezeeka. Alisema bado anaweza kuagiza sahani nyingine, isiyo na kelele. Nikamwambia hapana, asante. Akaifuta ileile, akateremsha sindano, nami nikakaa kwenye benchi lilelile. Mchakacho ulikuwepo wote, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ule mlio mmoja wa kurudi sikuusikia. Nilimwomba arudie, akarudia. Haukuwepo.

"Vumbi limetoka," alisema Babu Twaha, ameridhika na kitambaa chake.

"Ndiyo, Babu," nilisema.

Kisha nikasogea kidogo kwenye benchi, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa na fimbo yake.