Viatu Baada ya Bao

Jumatatu, kwenye foleni ya zahanati huku Msambweni, nilisimama nyuma ya winga mpya wa timu yetu. Pale mlangoni, mhudumu alikuwa akimchomoa kibanzi cha muwa unyayoni, naye ameuma kola ya shati asipige kelele.

Katibu wa timu, aliyekuja kutibiwa mafua, alitutangazia sote.

"Nusu ya ligi imekwisha. Huyu twampa pasi kuliko wote, nyingi zampotea, na bao hana hata moja. Jumapili hachezi."

"Mbona acheza miguu mitupu?" mhudumu akauliza.

"Viatu hupewa mtu akishafunga bao la kwanza. Ndiyo desturi yetu."

Mama mmoja kwenye foleni akajifunga leso vizuri. "Mwanangu, kwenu jembe hupewa mtu akishavuna?"

Foleni ikacheka. Katibu naye akacheka. "Shikamoo, mama. Mpira huujui."

"Marahaba. Mpira siujui. Mguu naujua."

Mimi sikucheka. Marehemu baba alianza kwa desturi hiyo hiyo, pembeni mwa uwanja huo huo wa timu, ambako visiki vya miwa havijang'olewa hadi leo. Aliachwa kabla hajafunga bao, na mpaka tunamzika, mguu wake wa kulia haukuingia kiatu. Timu ilihesabu pasi alizozipoteza. Kidonda tulikihesabu sisi nyumbani.

Winga aliondoka akichechemea. Katibu akaitwa, akaingia kutibiwa mafua yake, viatu vikimlia sakafuni.