Kibati cha Mwenzio Hakiguswi

Virgil Cantley alikuwa na mtoto mmoja tu, Darla, na tangu alipotoka mgodini alibakiwa na shabaha moja maishani: asimzike. Katika bonde la Laurel Lick, kule West Virginia, hilo halikuwa jambo dogo. Wazazi wengi wa rika lake walikwisha kuwazika watoto wao. Kila mara gazeti la wilaya liliandika kwamba marehemu "alifariki ghafla nyumbani kwake." Kila msomaji alijua hiyo ghafla ni kitu gani, na hakuna aliyeitamka. Majirani walipika tambi na kuku, wakaacha bakuli barazani kwa wafiwa na kuondoka bila kubisha hodi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Laurel Lick hata kifo chenyewe kilifichwa.

Zamani vijana walianza na vidonge vya hospitali. Vidonge vilipoadimika wakaingia kwenye unga, na sasa kila kitu kilichouzwa bondeni kilikuwa na fentanili ndani yake, dawa kali ya maumivu ambayo punje zake chache tu, mfano wa chumvi, humsimamisha mtu pumzi. Darla alikuwa mmoja wao. Alianza kwa maumivu ya mgongo, baada ya kuanguka kazini kwenye ghala.

Virgil hakuwa msemaji. Kanisani alikaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Basi siku Opal Ratliff, mama mmoja wa zimamoto ya kujitolea, alipoitisha kikao cha kuwafundisha watu kutumia naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani inayomrudishia mtu pumzi, Virgil alijiambia kwamba anakwenda kula tu. Opal alikuwa mjanja. Alijua watu hawaji kusikiliza habari za mateja, kwa hiyo alipika sufuria kubwa ya maharage na mikate ya mahindi, na ukumbi ukajaa.

"Dawa hii ni nzuri," Opal alisema, "lakini mtu aliyezimika hawezi kujipulizia. Lazima awepo mwingine. Na watoto wetu wanajificha. Tunawakuta wamekwisha kuwa baridi."

Virgil akasimama na kuinua mkono, masikio yamemwiva kwa haya. "Mgodini tulikuwa na ubao," alisema.

"Sauti, Virgil!" mtu akapaza kutoka nyuma. "Unaongea nasi au na maharage yako?"

Watu wakacheka. Virgil nusura aketi, lakini Opal alimkazia macho, naye Virgil akaendelea. Aliwakumbusha jambo ambalo nusu ya wanaume mle ndani walilijua kwa mikono yao. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba. Akiingia chini, alikitundika ubaoni kwenye msumari wa sehemu anayokwenda. Akitoka, alikiondoa. Mwamba ukiporomoka, waokoaji walitazama ubao wakajua nani yuko chini, na yuko wapi.

"Nao wanaingia chini," Virgil alisema. "Tuwawekee ubao."

Kisha Gary Mullins, mwenye duka la vifaa vya magari, akasema, "Yaani tuwafungulie mateja ofisi?"

"Ndiyo, Gary," Opal akamjibu. "Na wewe ukikatika pumzi nitakuja vilevile, ingawa hata salamu hunipi."

Ubao ukawekwa katika chumba cha nyuma cha kituo cha zimamoto. Juu yake Virgil aliandika mahali wanapojificha: posta ya zamani, chini ya daraja, trela za juu mtoni. Hakuuliza jina la mtu. Kila mmoja alichagua alama yake na Virgil akaigonga kwenye kibati. Mtu akishatundika, Virgil alijimiminia kikombe cha kahawa. Kikombe kikiisha na kibati kingali pale, alichukua mkoba wa dawa na kwenda. Sheria ilikuwa moja, ile ile ya mgodini, naye aliirudia kwa kila aliyeingia: kibati cha mwenzio hakiguswi. Hata awe ndugu yako, hata akuombe. Kila mtu aondoe chake kwa mkono wake.

Wa kwanza kuja alikuwa Rusty Blevins, aliyesoma na Darla tangu utotoni, mtu wa mzaha hata akiwa anatetemeka. "Nipe medali yangu, mzee," alisema. "Shuleni sikupata hata moja." Baada yake wakaja wengine. Kabla ya majani kupukutika yote, Virgil na Opal walikuwa wamewarudisha watu kadhaa ambao gazeti lingewaandika.

Ila Darla hakuja. Virgil alimfuata kwenye trela yake na kumkuta anakunja nguo.

"Nikitundika kile kibati, baba, ni kama nimekuambia usoni kwamba mwanao ni teja."

"Najua tayari."

"Kujua ni kitu kimoja. Kuona ukutani ni kingine."

"Mama yako angekuwapo angekuburuta."

"Mama angekuwapo nisingekuwa hapa," Darla alisema, akaendelea kukunja.

Virgil alikwenda nyumbani, akatengeneza kibati chenye alama ya jani la mkuyu, mti ambao Darla alizoea kuupanda utotoni. Alikitia katika kisanduku cha vibati na hakumwambia mtu. Siku moja ya baridi kali Darla aliingia nyuma ya Rusty, akapekua kisanduku, akakitambua. Alikitundika kwenye msumari wa posta ya zamani. Virgil hakugeuza shingo. Alikunywa kahawa yake kwa mikono miwili. Kabla haijaisha Darla alirudi, akaondoa kibati na kunusa kikombe cha baba yake.

"Kahawa yako inanuka matairi, baba."

Usiku ule Virgil alilala kama mtoto. Na Darla akaja tena, na tena.

Kisha ikaja alasiri ya mwezi wa pili, theluji imegeuka matope. Darla na Rusty walitundika vibati vyao pamoja. Virgil akamimina kahawa. Opal akamwita mbele amsaidie kukunja mpira wa maji, naye akaenda na kikombe chake. Akiwa ameinama pale, alimsikia Rusty akiita kutoka chumba cha nyuma: "Tumetoka, mzee!" Aliporudi ubao ulikuwa mtupu, misumari yote wazi. Akasuuza kikombe.

Ilikuwa hivi. Kule posta Darla alikuwa anafunga kamba za viatu, viatu vyake vimelowa. Alimwambia Rusty, "Tangulia, nakuja." Rusty alimwonea huruma kukanyaga tope lote lile kwa ajili ya kibati, wakati trela ya Darla ilikuwa upande wa pili. Akamwondolea. Lakini Darla alikuwa amebakiza unga kidogo, na Rusty alipotoka, akamalizia.

Virgil alimngoja chakula cha jioni mpaka viazi vikapoa. Akamwita Opal wakaenda posta, wakamkuta ameegemea ukuta, mguu mmoja hauna kiatu. Opal alimpulizia dozi, akampulizia ya pili. Alifanya hivyo kwa ajili ya Virgil. Kwa Darla mambo yalikwisha zamani.

Mwenye nyumba ya mazishi aliuliza kwa upole kama aandike gazetini lile neno la siku zote.

"Andika fentanili," Virgil alisema. "Andika posta ya zamani."

Wanaume wa bonde walimtaka Rusty alipie. Gary Mullins alikuja mwenyewe, kofia mkononi. "Sema neno moja tu, Virgil. Hutauliza tulichofanya." Virgil hakusema ndiyo wala hapana. Gary akaondoka.

Alirudi kituoni kwa sababu nyumbani kulikuwa na kimya kingi mno. Opal alimsogezea kiti. Ilikuwa bado baridi siku Rusty alipoingia. Amekonda, jicho moja limevimba. Kumbe kuna waliokwisha kumfikia bila kungoja neno la mtu.

"Nilidhani namsaidia, mzee," alisema.

Virgil aliutazama ubao.

"Nikienda peke yangu nitakufa. Ukiniambia nitoke, nitatoka."

"Tundika," Virgil alisema.

Rusty akatundika kwenye msumari wa chini ya daraja. Mlango ukafungwa. Opal alikuwa ameitwa kwenye ajali barabarani, kwa hiyo Virgil alibaki peke yake na ubao. Akamimina kahawa. Ilikuwa ya moto, na aliona wazi kwamba angeweza kuinywa polepole. Angeweza kuongeza ya pili. Hakuna ambaye angemuuliza, na Gary Mullins angemlipia bia. Darla hakulindwa hata kwa nusu kikombe. Alikaa na jambo hilo, akalitazama kama mtu anavyotazama dari ya mgodi akisikia inalia.

Kisha akasimama. Kahawa hakuionja.

Kuteremka mpaka darajani kulimkata pumzi, maana mapafu yake yalijaa vumbi la makaa, daktari alikwisha kumwambia. Rusty alikuwa amelala chali kwenye changarawe, midomo imekuwa rangi ya risasi. Virgil akapuliza dozi puani, akamwinua kidevu, akamziba pua na kumpulizia pumzi mdomoni. Yake mwenyewe ilikuwa haba, lakini akatoa. Akakohoa mpaka akaona nyota, akarudia. Akampa dozi ya pili, akampulizia tena. Kifua cha Rusty kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda.

Alipozinduka alitapika, akatukana, akaanza kutetemeka kwa arosto, homa ya kukosa unga. "Kwa nini?" alilia. "Kwa nini hukuniacha?"

Virgil alimkamata ukosi wa koti, kwa sababu dawa ile huisha nguvu na usingizi mbaya ukarudi, na mtu wa namna hiyo haachwi aende zake. Walikaa hivyo kwenye changarawe, mmoja akitapika na mwingine akikohoa, mpaka taa za gari la Opal zikamulika juu ya daraja.

"Mwachie sasa, Virgil," Opal alisema. "Tunampakia."

Hakumwachia. Opal alijaribu kuvikunjua vidole vyake kimoja kimoja, vikagoma. Mwishowe wakawapakia wote wawili. Virgil aliketi sakafuni mwa gari, ngumi yake ingali kwenye koti la Rusty. Njia nzima hakujua kama amemshika ili asife, au amemshika ili alipie kifo cha Darla.